Nilimwambia Sura Yake Haitaonekana

Leo siji na ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na nimeukalia muda mrefu hadi umeanza kunikaba.

Kuna kichupa kimoja kilitoka mwaka jana, na kama unafuatilia muziki wa Bongo kuna uwezekano mkubwa umekiona. Jina la msanii kapuni, la dairekta kapuni, na ukihisi umeshawajua naomba ubaki nayo moyoni. Baada ya korasi ya pili kuna mrembo anashuka ngazi za bwawa la kuogelea. Maji yanamfika kiunoni, halafu anageuza shingo na kuangalia nyuma. Sekunde nne tu. Watu walizikata hizo sekunde nne wakatengeneza stika, wengine wakaweka status. Huyo dada hakutaka kuingia kwenye lile bwawa. Aliyemshawishi ni mimi, tena kwa kutumia vitu nilivyofundishwa darasani.

Ngoja nianze mwanzo.

Nasoma diploma ya uandishi wa habari na utangazaji, chuo kimoja hapa Dar. Mwaka wa pili tuna somo la kuchambua picha, na Madam anayetufundisha hana mchezo. Siku ya kwanza aliingia, akaweka video ya muziki ukutani, akazima sauti. Darasa zima tunamwangalia staa anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Ilipoisha akauliza, "Alikuwa amevaa nguo ya rangi gani?" Wimbo wenyewe tulikuwa tunaujua wote mwanzo mwisho, video tumeiona mara hamsini, na hakuna aliyejibu.

Utaratibu wake ni kuangalia mara tatu. Ya kwanza bila sauti. Ya pili sauti bila picha. Ya tatu vyote pamoja, kalamu mkononi. Unachora jedwali: namba ya shoti, urefu wake kwa sekunde, ukubwa wake (uso tu, kiuno kwenda juu au mwili mzima), kamera inatembea au imetulia, na nani yumo. Picha ikikatwa tu, mstari mpya. Mara ya kwanza ilinichukua usiku mzima na bando lote la wiki.

Nadharia nazo zipo. Kuna bwana anaitwa Andrew Goodwin aliyeandika kitabu kuhusu video za muziki mwaka 1992. Anasema picha na maneno ya wimbo vinaweza kukaa pamoja kwa namna tatu. Picha inaweza kuonyesha kilekile kinachoimbwa, unaimba mvua na mvua inanyesha. Inaweza kuongezea, ikakupa stori ambayo mashairi hayakuisema. Au inaweza kwenda upande wake kabisa, wimbo unalia na watu kwenye video wanakula bata. Anasema pia kwamba kampuni za muziki zinataka sura ya msanii ionekane kwa karibu mara nyingi, kwa sababu sura ndiyo inayouza. Halafu kuna Laura Mulvey, yeye aliandika makala mwaka 1975 kuhusu sinema za Hollywood. Hoja yake ni kwamba kamera imekaa kwenye macho ya mwanaume: mwanaume anaangalia, mwanamke anaangaliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua video moja na kuichambua. Nikachagua ile niliyoipenda nikiwa kidato cha pili, ambayo steps zake tulizifanyia mazoezi kwenye korido la bweni, ndoo ndiyo spika. Nikahesabu. Dakika 3 na sekunde 40, shoti 94. Mrembo yumo kwenye shoti 31. Unajua sura yake inaonekana vizuri kwenye ngapi? Nane. Zilizobaki ni kiuno, miguu, mgongo, na mkono ulioshika glasi. Nikashuka kusoma maelezo chini ya video. Prodyuza katajwa, dairekta katajwa, mtu wa mekapu yumo, hadi mwenye droni. Yeye hayumo. Miaka yote ile nimecheza ile ngoma na sijawahi kujiuliza anaitwa nani.

Nikaandika kurasa nane. Mulvey ndani, Goodwin ndani, na aya nzima kuhusu rangi ya bluu kwenye ubeti wa pili, kwamba inaashiria upweke wa mwanaume wa mjini. Nilipata 18 juu ya 20. Madam akaisoma mbele ya darasa. Bwana wee, kichwa kikavimba. Nikawa yule mtu ambaye huwezi kukaa naye mbele ya TV. Kila video ikipigwa mimi nasimamisha, nahubiri, nahesabu viuno. Kwenye grupu la hosteli walishanibatiza Profesa.

Kisha ikaja field.

Nikapangiwa kampuni moja ndogo ya video, vyumba viwili tu, Sinza. Wiki ya kwanza niligundua kwamba najua kuchambua chakula lakini jikoni sijawahi kuingia. Mfano, zile shoti za taratibu ambazo msanii anatembea kama yuko ndani ya asali, lakini midomo inaendana na wimbo. Nilidhani ni kompyuta. Kumbe kamera inawekwa fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, na wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili. Msanii anaimba harakaharaka kama anakimbizwa na mbwa. Ukiirudisha kwenye 25, mwili unaenda polepole na midomo inakaa palepale. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: kukaa na spika na laptop, nikisikia "pleibeki!" nabonyeza.

Nikajifunza kwamba wimbo mzima unarekodiwa mara nyingi, sehemu tofauti, nguo tofauti, ili mhariri akikwama awe na pa kukimbilia. Nikajifunza kwamba kukata picha kwenye kila mdundo kunamchosha mtazamaji, mhariri mzuri anaruka midundo kadhaa halafu anakata pale ambapo hukutegemea. Na nikajifunza kwamba nyumba ya kifahari inakodiwa kwa masaa, kwa hiyo jua na hela vinaisha pamoja.

Siku moja nikamwonyesha mhariri wetu ile aya yangu ya bluu. Akacheka hadi akashika meza. Akasema, "Dogo, ile video niliifanya mimi. Jua lilituzamia, nusu ya shoti ni za mchana nusu za magharibi, rangi zinagombana. Nikazimwagia bluu zote zifanane." Upweke wa mwanaume wa mjini ukafia hapo. Nilicheka na mimi, ila usiku sikulala. Nikajiuliza kama bluu ilikuwa bahati mbaya, vipi na zile shoti 23 za kiuno na miguu? Nazo ni jua kuzama?

Jibu nililipata wiki ya tano.

Tulikuwa Kigamboni, kwenye nyumba yenye bwawa. Tumevuka na pantoni la alfajiri na vyombo vyote. Msanii alifika saa moja asubuhi, akafanya vipande vyake vizuri tu, kijana mpole, saa tano akaondoka kuwahi ndege. Yule dada alifika saa sita. Nitamwita Dada Njano, kwa sababu alikuja na begi la njano alilobeba nguo zake mwenyewe. Alikuwa na miaka kama 24, anasuka nywele saluni, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuuza nyago. Aliambiwa kwa simu kwamba ni scene ya chakula cha jioni, gauni refu, laki moja. Gauni aliazima.

Hapa niwape siri kidogo. Kwenye video msanii anakunywa, anainua macho, halafu tunamwona Dada Njano. Ukiangalia unaapa kwamba wale watu wanatakana. Hawajawahi kuonana hata siku moja. Kama miaka 100 iliyopita Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua sura ileile ya mwigizaji, akaiunganisha na sahani ya supu, na jeneza, na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, huzuni na tamaa kwenye sura ambayo haikubadilika. Sisi pale Kigamboni tulikuwa tunafanya hichohicho, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anafanya majaribio na sisi tulikuwa na oda.

Saa tisa alasiri akaja meneja wa msanii. Akaangalia tulichokichukua kwenye monita. Akasema imepoa. Anataka bwawa. Mtu wa mavazi akatoa bikini kwenye mfuko, na ilikuwa na lebo yake bado, ndipo nikajua kwamba kuna watu walikuwa wanajua toka asubuhi.

Dada Njano akakataa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi sikuambiwa hivi," akaenda kukaa chumbani na begi lake mapajani.

Nyumba ilikuwa inaisha saa kumi na mbili. Dairekta alikuwa anadaiwa, hilo nalijua kwa sababu mwenye lenzi za kukodi alishapiga simu mara tatu. Si mtu mbaya. Alinifundisha vitu vingi bila kinyongo, na nauli alikuwa ananipa wakati hakulazimika. Akaniangalia, akasema, "Dogo, wewe ni mwanamke mwenzake. Kaongee naye."

Nikaenda.

Wadau, mimi nilikuwa mtu pekee kwenye ile nyumba niliyekuwa na kurasa nane za maelezo ya kinachotokea. Nilikuwa najua jina lake, mwaka ulioandikwa, na aliyeandika. Nikaketi kitandani pembeni yake, nikasema, "Dada, ni sekunde chache tu. Wote wanafanya. Ukikataa wataita mwingine na nauli yako itakuwa imepotea."

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Mdogo wangu, sura yangu itaonekana?"

Na mimi nikajibu kwa uzoefu wa jedwali langu. Nilikuwa nimehesabu. Shoti kama hizo mara nyingi ni mgongo, ni kiuno, ni miguu. Nikasema, "Haitaonekana. Shoti za hivi huwa hawaonyeshi sura." Nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Kile kitu nilichokilaani kwenye kurasa nane ndicho nilichompa kama faraja.

Akasema sawa, kama sura haionekani. Akavaa.

Walirudia mara sita. Mara ya nne mtu aliangusha stendi ya taa huku nyuma, akashtuka, akageuka. Hiyo ndiyo mnayoijua.

Wiki iliyofuata nilikaa na mhariri, kazi yangu kuziita shoti majina na kuzipanga. Alipofika ile ya nne akapiga kofi. "Hii ndiyo shoti ya siku." Na ilikuwa kweli, siwezi kudanganya. Ilikuwa nzuri kuliko kila kitu tulichochukua siku ile, mwanga wa saa kumi na moja unampiga shavuni, na ule mshtuko unaonekana kama mtu aliyeitwa na mpenzi wake. Nikamwambia mhariri kwamba dada aliahidiwa sura haitaonekana. Akauliza, "Nani alimwahidi?" Nikasema mimi. Akanitazama, akasema nikaongee na bosi.

Nikaongea na bosi mara moja, tena kwa sauti ya chini, nimesimama mlangoni. Akasema meneja ameshaipitisha, na kwamba amependeza, atafurahi mwenyewe. Ningeweza kurudia. Ningeweza kumpigia Dada Njano siku ileile nikamwambia hali ilivyo. Namba nilikuwa nayo. Lakini fomu yangu ya field ilikuwa mezani kwake haijasainiwa, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikarudi kwenye kiti, nikaiita ile shoti "BWAWA_04_NZURI", nikaendelea.

Video ikatoka Ijumaa. Jumapili saa mbili usiku nikapata ujumbe: "Uliniambia haitaonekana." Basi. Hakutukana, hakuweka hata alama ya mshangao.

Nilikaa siku mbili ndipo nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena kesho yake, akapokea. Alikuwa amehamia kwa rafiki yake, kwa sababu anaishi kwa shangazi Mbagala, na jirani alimpelekea shangazi simu akiwa amesimamisha picha palepale. Hela alipewa elfu sitini, arobaini anadai hadi leo. Nikaomba radhi, nikalia, nikaanza kumweleza kuhusu mfumo, kuhusu wanaume na kamera. Akanikatiza.

Alisema, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Ile video mbona siichukii. Nimependeza, hata mimi nimeitunza. Na shangazi atapoa, namjua. Shida yangu ni kwamba nilikuuliza."

Sikuwa na nadharia ya kujibu hapo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu aliyedhalilishwa, ili nimwonee huruma. Nikakutana na mtu aliyeuliza swali moja la kikazi, akapewa jibu la uongo, na kwa jibu hilo akafanya uamuzi. Angejua sura itaonekana, labda angekataa. Labda angekubali kwa laki mbili na akamwandaa shangazi yake mapema. Huo uamuzi ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tuliporudi chuo tukatakiwa kuwasilisha ripoti ya field, na kuchambua kazi moja tuliyoshiriki. Nikaichambua ile. Shoti 88. Nikachora jedwali kama kawaida, halafu nikaongeza safu moja ambayo Madam hakutufundisha: "Aliambiwa nini?" Mstari wa msanii, aliambiwa kila kitu. Mstari wa madansa, waliambiwa saa kumi wataachiwa, waliachiwa saa tatu usiku. Mstari wa BWAWA_04, nikaandika kilichotokea, pamoja na jina la aliyesema: mimi. Mikono ilikuwa inatetemeka, na huko nyuma kuna mtu alicheka kwa sababu aliijua video.

Nikapata 14. Madam akaandika kwamba uchambuzi wangu wa muziki ni dhaifu, na ni kweli, nilisahau kabisa kuzungumzia mdundo. Ila chini kabisa aliandika kwa kalamu nyekundu, "Hiyo safu ya mwisho niachie nakala." Muhula huu nasikia mwaka wa kwanza wanaichora.

Bado nafanya kazi za video, wikiendi na likizo. Sikuacha, maana naipenda, na sitaki kujifanya mtakatifu. Nilichobadilisha ni kidogo tu. Siku moja kabla ya shuti, kila anayeuza nyago namtumia ujumbe WhatsApp, si kwa simu, ili ubaki kwa maandishi: utavaa nini, utafanya nini, sura itaonekana au la, utalipwa ngapi na lini, na nani atakuwepo. Mwisho naandika: kikibadilika chochote siku hiyo, una haki ya kusema hapana na nauli yako ya kurudi ipo. Wawili wameshakataa kuja. Meneja mmoja alinifokea kwamba nawatisha warembo. Wengine wanajibu tu "poa dear", wanakuja, na kazi inakwenda vizuri kuliko zamani kwa sababu hakuna anayejifungia chumbani saa tisa.

Na majina yao naomba yaandikwe kwenye maelezo ya video, kwa wanaotaka. Mara nyingi inakubalika, kwa sababu haina gharama yoyote. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuomba.

Dada Njano hatujawa marafiki, isije mkadhani stori inaishia kwa kukumbatiana. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kuuliza kama dairekta fulani analipa kweli. Nikamjibu ukweli, kwamba analipa lakini anachelewa mwezi mzima. Akajibu, "Una uhakika?"

Nikamwambia ndiyo, nina uhakika. Hakujibu tena, na sijui kama aliniamini.

Haya wadau, leo usiku fungua kichupa chochote unachokipenda, zima sauti, hesabu sura. Halafu mniambie hapo chini: wewe ungekuwa kwenye kile chumba, fomu yako haijasainiwa, ungemjibu nini?